Raba ya Injinia

Mpaka leo nikiona mchoro wenye mstari safi usio na doa, kinyaa kinanipanda. Kinyaa hicho nilikipatia kwenye kiwanda cha barafu nyuma ya soko la Kariakoo, miaka ya hamsini, nilipokuwa msomaji wa vipimo vya mashine.

Injini yetu ya dizeli ilikuwa na tabo, chuma chenye umbo la konokono. Moshi wa injini huingia humo, huzungusha gurudumu dogo, nalo husukuma hewa mpya ndani ya injini. Hewa ikipungua, injini huchoka na barafu haigandi. Gurudumu lilipovunjika, injinia wa kiwanda, kijana aliyesomea ng'ambo, alipata jingine la ukubwa tofauti, akakokotoa kwamba litatosha, akachora kwenye karatasi mstari wa hewa litakayosukuma.

Alilijaribu kwa hewa ya pampu, inayotoka taratibu kama maji ya bomba. Alama zote za vipimo nilizotia kwenye mchoro zikalala sawasawa na mstari wake. Tukalifunga kwenye injini. Huko moshi hautoki taratibu. Kila silinda inakohoa kwa zamu yake. Zebaki kwenye mrija wa kupimia ikawa inarukaruka, na alama nilizosoma zikaangukia chini kabisa ya mstari.

"Bwana, hesabu yako haikijui kikohozi hiki," nilimwambia.

"Nakijua mimi," alijibu bila hata kuniangalia. "Hesabu ya kikohozi ni ndefu, na mwenye kiwanda anakuja kesho."

Akachukua raba, akafuta alama zangu zote, akapuliza uchafu wake ukanirukia usoni. "Makosa ya msomaji," akasema.

Nilitamani kumtapikia. Asiyejua nitamsamehe, lakini huyu alijua. Nilipomweleza mwenye kiwanda, alinionyesha mstari tu, akausifu ulivyopendeza.

Mama yangu alikuwa muuza samaki pale sokoni, na hakuna aliyewahi kumrudishia samaki. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa duka lake. Wiki hiyo alipokea kazi ya kupeleka samaki wa karamu ya harusi huko Ilala. Nilimwonya asitegemee barafu yetu. Akaniuliza barafu nyingine ataitoa wapi, na neno ameshalitoa.

Siku ya harusi, jua la mchana lilipokaza, injini ilielemewa, ikatema moshi mweusi. Barafu ikatoka laini, ikayeyukia magunini. Nguru wakalegea, matumbo yakavimba, yakavuja maji ya kijivu. Inzi wakatujaa mpaka midomoni.

Wenye harusi wakamkokota mama hadi kiwandani. Injinia akatoka na leso puani, mchoro mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Barafu yetu haina kasoro, ushahidi huu hapa. Samaki wako walikuwa wameshaoza tangu Feri, wanakoshushwa na wavuvi."

Aliyasema kwa adabu, shetani yule. Nikapiga kelele kwamba alama zimefutwa. Wakacheka: mtoto asimtetee mama yake? Wahenga husema njia ya mwongo fupi. Ya huyu ilikuwa lami mpaka mjini.

Kesho yake mama alipanga changu wabichi, macho yao maangavu, wametoka majini alfajiri hiyo. Wateja wake wa miaka yote walikuja. Wakamwamkia vizuri, wakainama, na kwa mara ya kwanza wakanusa samaki wake.