Vidonge Alivyogawa Mzee Anselmi

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, Dar es Salaam, niliona moyo wa mtu umesimamishwa, na hakuna aliyeshtuka ila mimi. Muuguzi Kiongozi, mama wa maneno machache, aliona midomo yangu inacheza.

"Unasali?"

"Ndiyo, mama."

"Sali, lakini mikasi uhesabu."

Damu ya mgonjwa ilikuwa ikipita katika mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi ya viungo hivyo viwili wakati daktari akishona. Mshipa hutolewa mguuni, ukapachikwa moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba. Wenyewe tuliita baipasi. Miaka ilivyokwenda nikajifunza kwamba damu inaporudi kwenye moyo uliopumzishwa, oksijeni yake huzaa chembe kali zinazojeruhi msuli. Vitamini C na E huzituliza chembe hizo. Je, mgonjwa akimeza vitamini hizo wiki kadhaa kabla ya upasuaji, moyo wake utalindwa? Utafiti niliopangiwa ulitaka kujua hilo tu.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa Ifakara, nilirudishwa nyumbani kuwa muuguzi mfuatiliaji. Niliwatembelea wagonjwa wa bonde letu waliosubiri kwenda Dar, nikahesabu vidonge vilivyobaki, nikajaza fomu. Mkubwa wangu alikuwa Mratibu wa Utafiti, daktari kijana, mwerevu na mwenye haraka.

Mzee Anselmi, mkulima wa mpunga wa Idete, alinikabidhi chupa zake tupu, kama ilivyotakiwa. Nilishaandika tarehe mkewe aliposema, "Hata sisi vimetusaidia, sista. Vile vya rangi ya chungwa ni vitamu kweli."

Nikaweka kalamu chini. "Mzee, shikamoo tena. Vidonge umekula na nani?"

"Na watu wa nyumbani. Ulitaka nile na nani?"

"Vilikuwa vyako peke yako."

"Wewe mwenyewe ulisema ni kitu kile kile kilichomo kwenye chungwa. Sasa nile chungwa peke yangu, watu wananitazama mdomo? Mimi sikulelewa hivyo, binti yangu."

"Wewe ulikula vingapi?"

"Siku nilizokumbuka, kimoja. Siku za samaki sikula kabisa, nilikuwa nimeshiba."

Mkewe akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimetafuta maneno mepesi ya kumwelewesha, na maneno hayo yakakigeuza kidonge kuwa tunda. Mzee hakukosea. Nilikosea mimi.

Niliporudi ofisini Mratibu alisikiliza huku akitazama saa.

"Chupa zimerudi tupu?"

"Tupu, daktari."

"Basi andika amemeza."

"Chupa ndizo tupu. Mzee hajameza."

"Sista, wagonjwa wetu ni wachache. Ukimharibu huyu unaharibu kazi ya wote. Na utaandika nini, kwamba ulimfundisha vibaya? Mkataba wako unaisha lini?"

Nilijua unaisha lini. Nilijua pia nani nyumbani alikula kwa mkataba ule. Lakini masista walionifundisha dini walitufundisha amri ya nane, usiseme uongo, pamoja na nyingine zote, bila kuacha nafasi kwa ajili ya fomu. Nikamwambia, "Nitaandika nilichokiona, na nitaandika kosa langu juu yake."

Nikaandika hivyo, mbele yake.

Mzee Anselmi alifanyiwa upasuaji Dar, akarudi Idete na kovu la kifuani, akalima tena. Namshukuru Mungu. Lakini ninyi vijana mnaoingia kazi hii fikirini: kama ningetii, kupona kwake kungewekwa kwenye sifa za vidonge walivyokula wengine. Mwenye moyo mbovu mahali fulani angetegemea sifa hiyo. Kama vitamini hizo zinalinda moyo, zithibitike kwa waliomeza. Hadi leo nasikia wataalamu hawajakubaliana, na hilo halinisumbui. Kutojua si dhambi.

Mimi nilipewa barua ya onyo, kwa "kushindwa kumwelekeza mgonjwa". Mkataba haukuongezwa. Nikapata kazi ya kuchemsha na kufunga vifaa vya upasuaji katika hospitali nyingine hukuhuku bondeni. Nilikaa huko mpaka kustaafu, na sikufunga kifaa kichafu kwa makusudi hata siku moja.

Nilipofunga jalada langu la kustaafu, Ofisa Utumishi, binti mwenye heshima, aliiona barua ile ya onyo, iliyonifuata kutoka kazi ya kwanza.

"Shikamoo, mama. Hii ni ya zamani sana. Nikuondolee, faili lako libaki safi?"

"Marahaba. Imeandikwa uongo?"

Akaisoma tena. "Inasema hukumwelekeza mgonjwa vizuri."

"Ni kweli, sikumwelekeza. Irudishe, mwanangu, tena iweke juu, aonaye faili langu aanze na hiyo."