Siku Niliyokuwa Mtu wa Mombasa

Nilisikia kikohozi kwanza, nyuma ya pazia la mlangoni, kikavu na chenye amri, na aibu ya yaliyofuata bado hunipasha masikio moto (nasimulia kwa ruhusa ya mwenye kikohozi, ambaye akisimulia mwenyewe hunichafua zaidi). Alikuwa mama mkwe wangu. Kwetu Waluo mtu na mama mkwe hawakaziani macho wala hawali meza moja, kwa hiyo nilimjua zaidi kwa kukohoa chumba cha pili kuliko kwa sura, naye alinijua hivyo hivyo.

Mimi ni muuguzi, ila nilirudi chuo nikasomea kupima matiti, na katika zahanati yetu ya Homa Bay nina ruhusa ya kupima na kuamua nani apelekwe hospitali kubwa. Mwenzangu mwenye ruhusa hiyo, Sista Akinyi, alikuwa anazalisha. Na dada wa mapokezi alikuwa ameninong'oneza: mama ametoka Oyugis, ana uvimbe kwenye titi, akicheleweshwa anarudi nyumbani na haji tena. Basi nikaamua jambo dogo tu. Nikapandisha barakoa hadi chini ya macho, nikaingia nikiwa mtu wa Mombasa.

"Karibu mamangu, waonaje hali?" nikasema, kwa lafudhi niliyoiokota redioni.

Akafurahi. "Daktari, afadhali wewe si mtu ya hapa," akasema kwa sauti ya chini, macho ukutani. "Kwetu wote wananijua. Na niko na mkwe muuguzi, sijui siku hizi wamemweka wapi. Kijana mzuri, lakini hiyo mdomo yake! Akijua, Oyugis yote itajua kabla chai ipoe."

"Pole mamangu," nikasema (ningesema nini?), na kila alivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuwa mwizi, maana maneno yale alikuwa anampa mtu ambaye hayupo. Kisha akaanza kufungua vifungo vya blauzi.

Ningeweza kumpima, akaenda zake asijue maisha yake yote. Lakini ruhusa ya kumshika alimpa mtu wa Mombasa, si mimi. Nikaruka kurudi nyuma, mguu ukanasa kwenye pazia, pazia likaja na fimbo yake, nami nikajikuta sakafuni mbele ya foleni nzima, barakoa kidevuni.

"Maro, en an," nikasema kwa Dholuo. Mama mkwe, ni mimi.

Akashika blauzi yake. Mzee mmoja kwenye foleni akasema polepole, "Kumbe Mombasa ni karibu hivi."

Wakacheka mpaka wenye homa. Mama hakucheka. "Ulitaka nirudi nyumbani bila kujua nani amenishika?"

"Nilitaka, mama, nikashindwa. Mimi si daktari, ni muuguzi, na ni mkwe wako. Sista Akinyi atakupima. Atachelewa kidogo, lakini nakuomba ungoje."

"Na hiyo mdomo?"

"Nimeifunga."

"Hata kwa Atieno?" Atieno ni binti yake, mke wangu.

"Hata kwa Atieno. Utamwambia wewe."

"Hata mkigombana?"

"Hata tukigombana."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza. Tangu siku hiyo sigusi mtu kabla sijamwambia jina langu, la baba yangu na kazi yangu, hata akiwa mahututi, hata wenzangu wakinicheka.

Akinyi akaja akifuta mikono. "Huyu atoke," mama akamwambia. "Mimi nabaki."

Nikatoka na pazia langu begani, na nyuma yangu mama mwenyewe akafunga mlango.