Injenieri Aliyepima Rangi

Nimefanya kazi na wajinga wengi, na wengi wao niliwapenda, kwa sababu mjinga huuliza. Injenieri aliyejenga roshani ya kwaya katika kanisa letu la Kabondo hakuuliza kitu hata siku moja. Mpaka leo nikimkumbuka, midomo yangu inapinda yenyewe.

Alikuwa shemeji wa mchungaji. Alitoka Kinshasa na viatu vyeupe, na kila alipopita kwenye tope la Kisangani alilitazama kama tusi aliloandaliwa yeye peke yake. Roshani aliijenga ndani ya kanisa, juu ya mlango mkubwa, juu ya boriti mbili za chuma zilizokatwa kwenye tishari bovu lililolala kando ya mto. Chuma cha zamani si dhambi. Dhambi ni kukipaka rangi ya buluu kabla ya kukikagua.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo cha ufundi. Kazi yangu ni kuvuta vyuma, kuvibana na kuvipinda, na kuandika vinavyofanya. Mama yangu, mwanamke wa mto kutoka upande wa Yanonge, aliimba katika kwaya ya wamama, iliyokuwa tayari ikifanyia mazoezi juu ya roshani hiyo, na yeye ndiye aliyeniletea habari.

"Ile kitu iko inapumua," aliniambia akikata pondu, majani ya muhogo. "Tukiimba, inashuka. Tukinyamaza, inapanda. Lakini haipande yote."

Wamama wengine walilalamika pia. Mchungaji, ili awanyamazishe, akatangaza kwamba roshani itapimwa kisayansi. Chuo chetu kikaazimisha vifaa. Pamoja na vifaa nikaazimishwa mimi, nibebe.

Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko ukucha. Sisi tunakiita kwa Kifaransa, jauge: kipande cha plastiki laini chenye waya mwembamba kuliko unywele, uliokunjwakunjwa. Unakigandisha kwenye chuma kwa gundi. Chuma kikivutika, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, waya nao unavutika, umeme unapita kwa shida zaidi, na kisanduku kinageuza shida hiyo kuwa tarakimu. Sharti ni moja: gundi ishike chuma chenyewe. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo kabla hawajajua choo kiko wapi.

Siku ya kupima, injenieri alipanda ngazi akaanza kubandika jauge juu ya rangi ya buluu.

"Injenieri," nikamwambia, "lazima kwanza tutoe rangi na kutu. Tufikie chuma kitupu."

Hakugeuka. "Mama, weye leta tu kole. Mambo ya calcul uniachie miye."

Nikampa gundi. Wamama wakapanda, kama thelathini, mama yangu kati yao na kitambaa chake cha kijani. Wakaimba, wakapiga miguu. Tarakimu ikatikisika, mbili, tatu, ikarudi sifuri. Injenieri akamwita mchungaji aje kuona.

"Unaona? Zéro! Chuma haisikie hata kama kuko batu juu yake."

"Alleluia!" mchungaji akasema, na watu wakapiga makofi. Waliipigia sifuri makofi.

Wamama waliposhuka, nilipanda ngazi nikaingiza ukucha chini ya jauge. Ilitoka pamoja na ngozi ya rangi, laini kama ganda la ndizi ya kemba iliyoiva. Chini yake kutu ilikuwa unga mtupu. Nikamwonyesha mbele ya mchungaji. "Umepima rangi," nikasema. "Rangi haibebi mtu."

Akacheka kwa pua. "Diplome yako iko ya nini, mama?"

"Ya kubandika, injenieri. Sijui kitu kingine."

Mchungaji alitutazama kwa zamu, kisha akachagua ndugu wa mke wake. Uzinduzi ungekuwa Jumapili.

Asubuhi iliyofuata nilirudi. Mzee mlinzi wa kanisa alinifungulia mlango. Nilikwangua rangi kwa tupa, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakisafisha kwa asetoni, nikabandika jauge na kuibana kwa kidole gumba hadi gundi ilipokauka. Kwa kuwa mabati ya kanisa hupika kila kilicho chini yake, na joto peke yake huweza kudanganya waya, nilibandika jauge ya pili kwenye kipande cha boriti ileile kilichobaki sakafuni, kisichobeba kitu. Kama joto ndilo linalosogeza tarakimu, zote mbili zingesogea.

Nilikuwa nimemwomba mama alete wenzake. Wakapanda watano, kisha kumi, kisha ishirini. Tarakimu ilipanda nao, na jauge ya sakafuni ilikaa kimya. Hilo lilikuwa sawa, chuma chochote huvutika kidogo kikibeba. Kisha nikawaomba wote washuke. Chuma kizima, mzigo ukiondoka, hurudi pale kilipoanza. Tarakimu ya hiki iliteremka hadi mia na arobaini badala ya sifuri, ikakwama. Nilingoja. Sikutaka kuwapandisha tena, lakini mama alipanda mwenyewe na wenzake kumi, kwa ubishi, na waliposhuka tarakimu ilikwama juu zaidi.

"Iko inasema nini?" mama akauliza.

"Kila mukipanda inapinda kidogo, na mukishuka hairudie mahali yake."

Akafikiri. "Donc siku moja haitarudia hata kidogo."

"Ndiyo, mama."

Akachukua mkoba wake. "Siye hatupande tena," akawaambia wenzake, na hakuna aliyembishia.

Nilimpelekea mchungaji tarakimu zangu kwenye karatasi safi. Aliikunja bila kuisoma, akaniambia kwamba shaka ni mlango wa adui. Nilimtazama mtu huyu aliyeamini kila neno la shemeji yake na kuiita hiyo imani, nikaondoka.

Jumapili kanisa lilijaa. Wamama walikaa chini, kwenye mabenchi ya nyuma, mikono magotini. Mchungaji aliwaita mara mbili. Hawakusimama. Injenieri akaona aibu, na mtu wa aina yake akiona aibu lazima amwaibishe mwingine. Akapanda mwenyewe na akina baba sita wa kamati ya ujenzi, wazee wenye suti, akasimama katikati.

"Bamama banaogopa namba!" akapaza sauti. Akaruka. Akaruka tena.

Aliporuka mara ya tatu, plasta iliyoshikilia mwisho wa boriti ya kushoto ilimwagika ukutani kama unga, na roshani ikashuka kiasi cha shubiri upande mmoja, polepole, na mlio mrefu ulionikata meno. Haikuanguka. Watu walipiga kelele. Na wa kwanza kushuka ngazi, akimsukuma mzee mmoja kwa kiwiko, alikuwa mwenye viatu vyeupe. Yule mzee alikosa kipandio akateguka kifundo cha mguu. Injenieri hakugeuka hata kumtazama.

Boriti zilikatwa na kuondolewa wiki hiyo. Ripoti ya injenieri ilisomwa madhabahuni na mchungaji, kwa sauti ya maandiko: kosa lilikuwa la unyevu wa Kisangani, na la wamama waliopiga miguu bila mpango. Wamama walisikiliza wakiwa wameketi palepale nyuma. Sasa nasikia injenieri anajenga soko la samaki la boriti za chuma huko Opala. Nawaonea huruma wauza samaki.

Lakini kuna dharau nyingine nisiyoweza kumbebesha mtu ila mimi mwenyewe. Siku ile ya kwanza nilijua. Niliona rangi, niliona kutu pembeni, nikasema mara moja tu, kwa adabu, kisha nikampa gundi na kusimama na kisanduku mkononi huku wamama thelathini wakipanda. Niliogopa kuitwa mwanamke mwenye makelele. Mama alikuwa juu pale, na mimi nilikuwa chini ninasoma sifuri niliyoijua kuwa uongo.

Nilimwambia mama haya baadaye, nikimsaidia kufunga kwanga, mikate ya muhogo, kwenye majani. Hakuinua macho.

"Nilikuona," akasema. "Uso yako ilikuwa mubaya. Ni kwa sababu ya ile nilishika ukuta kule juu."