Nilivyomficha Mungu wangu mwaloni Igogo mpaka mganga akanitumia jogoo

Wakuu, habari za muda huu. Waliotuzidi umri, shikamooni.

Mimi humu ni mtu wa kupita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kushusha yangu. Wale wa kusema "chai", yaani uongo, andaeni vikombe kabisa, ila naandika kilichonipata mimi mwenyewe, na aibu yake bado ninayo.

Mimi ni fundi mitumbwi. Naunda mitumbwi ya mbao pale mwaloni upande wa Igogo, mwaka wa kumi na moja sasa. Kwa walio mbali na ziwa, mwalo ni pale wavuvi wanaposhusha samaki, na sisi mafundi tuna vibanda vyetu pembeni.

Nyumbani ni Kiseke. Huko naitwa Baba Neema, nimeokoka mwaka wa nne huu, na kwenye kwaya mimi ndiye bass, ile sauti nene. Jumapili nikifungua mdomo, jirani mpaka anafunga dirisha.

Shida inaanza Jumatatu.

Nikifika Igogo nakuwa mtu mwingine kabisa. Biblia yangu ndogo naiweka chini ya sanduku la vifaa, chini ya randa na misumari. Chakula nakiombea huku najifanya nafikicha macho. Kiukweli niliogopa. Mwaloni wakijua umeokoka wanakuita mchungaji, stori zinakatika ukifika, na matajiri wengine wanakuona mkosi. Tajiri kwetu ni mwenye mtumbwi, hata kama suruali yake ina viraka.

Sasa kuna hili jambo. Matajiri wengi wakiunda mtumbwi mpya wanaleta dawa ya mganga. Ni kifurushi kidogo, kitambaa chekundu, na fundi anakipigilia chini ya ubao wa mbele kabla ya kuufunga.

Nimepigilia vingi, hata baada ya kuokoka. Nilikuwa najiambia mimi ni fundi tu, ya ndani ya kitambaa hayanihusu. Mke wangu aliposikia akaniuliza, "Baba Neema, huyo Mungu unayemwimbia Kiseke, nauli ya kufika Igogo hana?"

Nilinuna siku mbili.

Lakini swali liliniingia. Kwa hiyo alipokuja Mzee Magesa na kifurushi chake, mkono uligoma.

Mzee Magesa ni Mjita wa kule Mara, tajiri mwenye mitumbwi miwili wakati huo, na kwangu ni kama baba. Ndiye alinipa kazi ya kwanza nilipofika mjini nikitokea kwetu karibu na Bujora, sina hata nyundo. Huyu mzee ziwa lilimchukulia mtoto wake wa kiume, Bwire, na mwili haukuonekana. Tangu hapo hatoi mtumbwi bila dawa. Siyo ushamba wakuu, ni uchungu. Naomba mlielewe hilo kabla hamjaanza kumhukumu.

Akanipa kile kifurushi kwa mikono miwili. "Fundi, hiki ndicho kitawarudisha vijana wangu."

Nilitakiwa niseme pale pale, "Mzee, imani yangu hainiruhusu." Maneno mafupi tu. Nikasema, "Sawa mzee."

Wenzangu walipoenda kunywa uji, nikakifunga na jiwe, nikakitupa ziwani. Nikafunga ubao, nikapiga nyundo kwa nguvu ili asikie hadi alikokaa. Nikamwambia tayari. Akanishukuru, na mimi nikaona nimecheza kama Pele: dawa sijapigilia, na hakuna aliyejua kama nimeokoka.

Ila roho haikutulia. Kila jioni ule mtumbwi ukitoka, nilijifanya nanoa msumeno, kumbe naomba. Macho wazi, mdomo umefungwa. Niliwaombea kwa majina wale vijana watano wanaovua kwa mtumbwi huo. Msumeno wangu haujawahi kuwa mkali kama kipindi kile.

Ikaja asubuhi moja yenye dhoruba mbaya. Mitumbwi miwili ya watu wengine ilipinduka, waliokuwemo wakaokolewa kwa taabu sana. Mtumbwi wa Mzee Magesa ukaingia mzima, vijana wote watano wameketi.

Mzee alilia mbele za watu. Halafu akasimama katikati ya mwalo, akamtangaza mganga wake kwa sauti! Akanishika mkono na kuuinua juu. "Na huyu ndiye aliyeipigilia dawa yake! Ana mkono wa bahati!"

Mimi nimesimama hapo, natabasamu. Nilitabasamu wakuu, Mungu anisamehe.

Ndani ya wiki chache nikawa na vifurushi vinne vya matajiri wanne, kila mmoja anataka apigiliwe "kama cha Magesa". Sanduku langu likawa Biblia chini, hirizi juu.

Ikaja ya kufungia kazi. Mganga mwenyewe akanitumia jogoo wa shukrani. Mwekundu, mkubwa, na salamu juu: mwambieni fundi tunafanya kazi vizuri pamoja.

Nikaenda na jogoo Kiseke. Mama Neema akauliza katoka wapi, nikashindwa kudanganya. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba huyo jogoo hapikwi kwenye sufuria zake, akamfunga mguu nyuma ya nyumba.

Alfajiri akawika.

Aliyekulia kanisani anamkumbuka yule mwanafunzi wa Yesu aliyemkana Bwana wake, na jogoo akawika. Siku ya kwanza nikavuta shuka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu napiga mswaki uani, jogoo anawika, mke wangu anafagia. Akasema bila kuniangalia, "Mwenzio alimsikia mara moja tu, akatoka nje akalia. Wewe unamsikia kila siku, unapiga mswaki."

Nilitema povu, nikakaa chini kwenye ngazi. Nililia kweli.

Asubuhi ile ile, nafika mwaloni, Mzee Magesa kanitangulia. Mtumbwi wake wa nne ulikuwa umebaki ubao wa mbele tu, na kifurushi alikuwa nacho mkononi. Watu wamejaa, mafundi, wachuuzi, akina mama wa dagaa.

Nikasema, "Mzee, sitaweza. Mimi nimeokoka, namwamini Yesu, na hiki siwezi kukipigilia." Nikafungua sanduku, nikatoa vile vinne, nikaviweka juu ya mbao wenyewe waje wavichukue. Halafu nikasema lililo gumu zaidi. "Na kile cha kwanza sikukipigilia. Nilikitupa ziwani. Nilikudanganya, mzee wangu."



"Unajua Bwire yuko wapi," mzee akasema taratibu. "Unajua. Halafu ukawaacha vijana wangu waende mikono mitupu?"

"Nilikuwa nawaombea, mzee. Kila jioni."

Aliokota kofia yake akaondoka. Wakuu, angenipiga kofi ingekuwa nafuu.

Wiki mbili sikupata kazi hata ya kuziba ufa. Masanja, fundi wa kibanda cha pili, kila nikipita anauliza, "Mchungaji, leo tunafungua na wimbo namba ngapi?" Watu wanacheka. Mtumbwi wa mzee umekaa tu, mbele uko wazi. Nilichoumia siyo kazi wala kuchekwa. Nilikuwa nimemwambia ukweli wa Mungu baada ya kumdanganya, sasa angeuaminije?

Ndipo asubuhi moja akaja, akakaa kwenye gogo langu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Ulisema ulikuwa unawaombea. Kwa majina?"

Nikawataja wote watano.

"Na Bwire?"

"Bwire sikuwahi kumjua, mzee. Nilikuwa nakuombea wewe."

Akaangalia majini. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. "Ungeniambia," akasema. "Ningekuwa naitikia amina."



Akasimama, akajikung'uta. "Malizia mtumbwi. Kifurushi sileti. Kanisani pia siji, usinianze."

Siku ya kuushusha majini watu walijaa kama kawaida, kila mtu na simu yake. Tumeshika kingo tayari kusukuma, mzee akainua mkono. "Subirini. Fundi, omba."

Nikafumba macho, nikaanza ile ile ya kimyakimya.

Akanigonga bega. "Kwa sauti! Mara ya kwanza uliomba kimya, mimi nikaenda kumshukuru mtu mwingine."

Wakuu, mimi bass wa Kiseke, sauti ilitoka kama ya kifaranga. Niliomba maneno machache, nimetaja majina, nimetaja Yesu, na jasho linatiririka. Nikamaliza. Aliyesema amina wa kwanza alikuwa Mzee Magesa. Wa pili, amini usiamini, Masanja.

Nilichojifunza ni kwamba nilidhani nikikaa kimya simkosei mtu. Kumbe mzee aliyezika mtoto bila mwili alikuwa anatafuta wa kumwombea, na mimi niko pembeni yake nanoa msumeno.

Sijawa jasiri kihivyo. Wale matajiri wanne, wawili hawajarudi. Bado nikiombea chakula masikio yanapata moto. Ila Biblia sasa inakaa juu ya randa, na Masanja ananiita mchungaji bila kucheka sana.

Nanyi wakuu, kazini kwenu wanajua mnamwamini nani, au na nyie mnafikicha macho? Nichekeni kwanza ruksa, halafu mniambie na ya kwenu.

Jogoo yupo. Nilitaka kumrudisha kwa mwenyewe, Mama Neema kakataa, anasema bado nina kazi naye.