Barua ya Kutetea Mti wa Ravine

Nilifunga safari ya kwenda Eldama Ravine kwa sababu ya mti mmoja wa blugamu ambao baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Shamba lile tuliliuza nikiwa na miaka kumi na mmoja, tukahamia Nakuru. Tangu hapo nimeishi Naivasha, Kericho, Kitale, kisha Nakuru tena, na kila nyumba niliyopanga nimeiona kama mahali pa kungojea tu. Nikiulizwa kwetu ni wapi, kinachonijia kwanza ni mti ule, na mama akituchemshia majani yake tukiwa na homa, blanketi juu ya vichwa vyetu.

Kiplagat, ambaye baba yake ndiye aliyenunua shamba letu, alinipigia simu Jumatatu moja. "Tunataka kuangusha ule mti wa mzee wako. Umemaliza maji ya kisima. Nimeona nikuambie."

"Asante kwa kuniambia," nilimjibu.

Sikuwa na haraka. Mtaani kwetu Nakuru, mti mkubwa hauangushwi hivi hivi hata ukiwa ndani ya ua lako. Unaomba kibali, karatasi inafungwa kwenye shina, na majirani wanapewa siku za kupinga. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepinga mwezi uliotangulia, wakati mama mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwangu, alipoomba kukata mjakaranda wake. Niliandika barua, na mti ukabaki. Kwa hiyo nilikaa jioni tatu nikiandika barua nyingine, nzuri zaidi, ya kupeleka Ravine.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda lori la Otieno, dereva niliyewahi kuwa utingo wake. Alikuwa anapeleka saruji Eldoret.

Salgaa tulisimama kunywa chai. Malori yalikuwa yamepangana hadi mbali, na harufu ya dizeli ilichanganyika na ya mandazi. Otieno aliisoma barua yangu yote huku akitafuna.

"Hii Kiswahili ni ya mtihani," alisema. "Sasa unapatia nani?"

"Ofisa wa miti."

"Yuko?"

"Lazima awe."

"Boss, hiyo ni kaunti ingine. Ukivuka, hata mahindi inachomwa tofauti." Mama wa hoteli alicheka hadi akaweka birika chini. "Si ungempigia tu huyo jamaa?"

"Yeye ndiye aliyenipigia."

Otieno aliniangalia, akanirudishia barua, akamalizia chai yake, tukaondoka.

Makutano nilishuka, nikachukua boda. Ukungu ulikuwa bado umekalia mabonde. Kila kona niliijua, au nilidhani naijua: daraja la mbao limekuwa la saruji, na duka la chumvi na mafuta ya taa sasa linauza simu. Nilikuwa nikimwambia kijana wa boda, "Hapa tulikuwa tunateleza na mbao," naye anajibu, "Sawa, mzee." Ni siku ile nilipojua kwamba mimi ni mzee.

Karibu na lango harufu ilinifikia. Majani mabichi ya blugamu, kali, yenye kufungua pua. Kwa muda mfupi nilifurahi kama mtoto. Nilimwona mama na sufuria yake. Kisha nikainua macho, nikaona mbingu mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mbingu.

Kisiki kilikuwa cheupe, bado kina maji. Kiplagat alitoka na mama yake, mwanamke mzee anayetembea kwa kushika kiuno.

"Karibu. Tulikungoja," Kiplagat alisema.

"Karatasi mliiweka wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya kuwaambia watu kwamba mti unakatwa."

"Si nilikupigia?" Hakuwa na hasira, alishangaa tu. "Hapa kwetu mti wa boma ni wa mwenye boma. Lakini aliyepanda lazima aambiwe, ama mtoto wake. Anakuja, anapiga shoka la kwanza. Ama anakuja anasema hapana, tunaketi tuongee."

"Ningesema hapana?"

"Tungeketi. Siku tatu tuliangalia barabara. Alhamisi tukaita jirani mzee akapiga hilo shoka kwa niaba yako."

"Wewe ulisema asante, mtoto wangu," mama yake aliongeza taratibu. "Tukajua umekubali."

Barua ilikuwa mfukoni. Niliishika, nikaiacha humo. Kando ya kisiki yalikuwa madumu mawili ambayo mama huyo alikuwa ameyaleta kutoka mtoni, kwa kiuno kile. Hilo pia sikuwa nimeliuliza.

Saa nane nilianza kurudi. Mama yake Kiplagat alinifungia tita la majani kwa kamba ya katani. "Ya kujifukiza. Nakuru pia kuna baridi." Nililipakata njia nzima, nikitazama miti ya watu wengine ikirudi nyuma.

Nakuru niliingia jua likizama. Mjakaranda wa nyumba ya tatu ulikuwa umemwaga maua barabarani, na karatasi bado ilikuwa shinani, wino umefifia. Sheria ya hapa ilinipa siku nyingi, na hata moja sikuitumia kubisha mlango wa mwenye mti. Kule Ravine nilipewa simu moja, nikaishukuru, kisha nikaendelea kungoja karatasi. Nilibisha.

"Nani?"

"Jirani, mathe. Yule wa barua."

Komeo lilichukua muda. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyodhani, shuka mabegani. "Nilisomewa," alisema. "Umeandika sana juu ya maua. Kuja basi uone."

Ukuta wa chumba chake cha kulala ulikuwa umepasuka kutoka sakafuni hadi dirishani. Ufa alikuwa ameuziba kwa nguo kuukuu, na chini, kati ya saruji, mzizi ulikuwa umechungulia.

Niliweka majani ya Ravine mezani kwake. Kuhusu mjakaranda hatujaamua. Lakini jioni ile alinivutia kiti, tukaketi.