Mguu wa Noko na Begi Langu

Nilimwahidi mama yangu kwamba nitamrudisha kaka yake nyumbani Mahagi akiwa na miguu yake miwili. Nilitoa ahadi hiyo jikoni, nikiwa nimesimama wima, kwa sauti ya mtu aliyemaliza masomo ya afya ya jamii na ambaye tasnifu yake ilihusu madhara ya tumbaku. Mama hakushtushwa na tasnifu. Aliendelea kuchambua maharagwe, kisha akasema, "Sawa. Lakini usiniletee nusu ya muntu."

Kaka yake huyo, ambaye mimi humwita Noko kama tunavyowaita wajomba kwetu, ni dereva wa malori na hajafikisha miaka arobaini na mitano. Amevuta sigara tangu aliposhika usukani kwa mara ya kwanza. Mwaka huo vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vilianza kuuma hata akiwa amelala, vikawa baridi, kisha vyeusi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani alisema Noko amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Shemeji yetu anayechimba dhahabu huko Bambu alileta unga wa kupaka. Mzee mmoja wa kanisa aligundua pepo wa barabara, akaomba kwa saa nzima, na alipotoka nje akamwomba Noko kiberiti.

Daktari wa Mahagi hakuwa na maneno mengi. Alisema huko Bunia amefika mpasuaji wa mishipa ya damu, atakaa wiki mbili tu, na mguu ule hauwezi kumngoja mwingine.

Jumanne, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka katika lori la Batista, rafiki wa Noko wa miaka mingi. Kabla ya kupanda nilimpekua mjomba wangu, nikamnyang'anya pakiti mbili, nikampa hati niliyoiandika mwenyewe na kuitoa nakala tatu: hatanunua sigara, hatabeba sigara, hataomba sigara. Aliisoma taratibu, kama dereva anavyosoma karatasi za bima.

"Ni hii tu?" aliuliza.

"Ni hiyo tu, Noko."

"Basi lete biki, nisaini."

Batista alituangalia huku akicheka chinichini. "Lisansie," aliniambia, maana tangu nipate shahada hilo ndilo jina langu, "na ya bariere iko wapi?"

"Nini ya bariere?"

"Sigara. Batu ya bariere tunabasalimiaka na sigara. Njia yote ni vile."

Nilimjibu kwamba desturi mbaya hufa siku ambapo mtu mmoja anakataa kuifuata. Batista akawasha injini, nami nikadhani amekubali.

Saa mbili tulifika kwenye kizuizi cha kwanza, ndiyo bariere yenyewe: mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, na wanaume wawili chini ya turubai. Niliteremka nikawaeleza, kwa mifano, uhusiano kati ya sigara waliyoiomba na mguu uliokuwa ndani ya lori. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Kisha wakaomba karatasi ya lori, ya mizigo, ya chanjo na ya kizima-moto, na walipozimaliza wakaanza tena na ile ya kwanza. Saa tano tulikuwa bado pale. Noko alikuwa ameukumbatia mguu kwa mikono miwili, jasho likimtiririka.

"Mupwa," aliniambia, "somo yako iko muzuri. Ila mguu inaoza."

Hatua kumi kutoka kwenye mti ule palikuwa na kibanda ambacho hakikuuza kitu kingine ila sigara. Nilinunua katoni nzima. Mti ukainuliwa kabla sijamaliza kufungua pakiti. Vizuizi vilivyofuata vilitupokea kama wakwe, na kila mara nilijiambia kwamba kinachotoka mkononi mwangu si tumbaku, ni ushuru. Pakiti zilizobaki nilizificha chini kabisa ya begi langu, chini ya vipeperushi vyangu vya kupinga uvutaji, kwa ajili ya safari ya kurudi. Msomi hujipanga mapema.

Jioni tuliingia Bunia. Mama Kavira, muuguzi wa hospitali ile ambaye familia yake ilihama kutoka Butembo, alikubali nipate malazi kwake katika mtaa wa Saio. Noko alipewa kitanda hospitalini, nami nikawa garde-malade wake, maana kwetu mgonjwa halazwi bila ndugu wa kumpikia na kumfulia. Kwa kuwa kutwa nzima nilikuwa pale, niliweka begi langu chini ya kitanda chake.

Jumatano asubuhi yule daktari mpasuaji aligusa ule mguu, akatafuta mapigo ya damu kwenye kifundo, hakuyapata.

"Mishipa midogo yote ya chini imeziba," alisema. "Siwezi kuitengenezea damu njia nyingine, kwa sababu haina pa kufikia. Nitakata neva za kiunoni zinazoamuru mishipa ijibane, damu kidogo ipite. Vidole viwili vinakwenda. Mguu unaweza kubaki. Lakini muzee, ukivuta hata moja, kazi yangu ni bure. Unasikia?"

"Ninasikia, Dokta. Nilishasaini," alijibu Noko, akaonyesha hati yangu. Daktari aliisoma, akanitazama, akaniuliza kama nimesomea sheria.

Alhamisi alifanyiwa upasuaji. Jumamosi niligusa unyayo wake, ulikuwa na joto! Nilitoka nje ya wodi nikalia, kisha nikarudi kumpigia mama simu na kumwambia aandae kuku.

Jumatatu unyayo ulipoa. Jumanne kidonda cha vidole vilivyokatwa kilianza kuwa cheusi pembeni. Daktari aliinama juu ya mgonjwa, akanusa pumzi yake, akasema, "Huyu anavuta," akaondoka.

Hapo ndipo nilipofanya kazi niliyosomea. Niliwapekua wageni mlangoni. Batista alipoleta mkate niliupasua mbele yake vipande vinne, nikakuta mkate. "Lisansie," alisema, "sasa utamupasua na yai?" Nilihutubia wodi nzima juu ya watu wanaowaua ndugu zao kwa huruma ya uongo, na wagonjwa wawili wakapiga makofi.

Mama Kavira alikuwa akibadilisha mashuka. Alisubiri nimalize.

"Mwanangu, begi hii chini ya kitanda ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

Alilivuta, akalifungua, akatoa vipeperushi, akaviweka kitandani vizuri kabisa. Kisha akatoa pakiti zangu, moja baada ya nyingine. Nne zilikuwa tupu. Kila nilipokwenda Saio kupika, Noko alikuwa akijikokota hadi nyuma ya choo kuvuta.

"Noko!" nilisema.

Aliitazama ile hati iliyokuwa imening'inia kichwani pa kitanda. "Nilisaini sitanunua. Sikununua. Nilisaini sitabeba. Weye ndio ulibeba. Na hakuna mutu niliomba." Halafu akauficha uso kwa kiganja. "Mupwa, kama inakuwa chini ya kitanda, mi ninalala juu yake namna gani?"

Alhamisi, siku moja kabla ya daktari huyo kuondoka Bunia, alimkata Noko mguu chini ya goti.

Wiki tatu baadaye tulirudi kwa lori lile lile. Kwenye kizuizi cha kwanza nilikuwa mikono mitupu, nimejiandaa kukaa hadi jioni. Mlinzi alisogea dirishani kudai sigara.

"Muzee, ya bakubwa iko wapi?"

Noko alikunja suruali, akainua goti lake lililofungwa bendeji. "Yako ni hii. Nilishavutaga yote, imebakia tu hapa."

Mwanamume yule aliinua mti haraka kuliko nilivyowahi kuona. Nilipogeuka nyuma, mlinzi alikuwa anawasha sigara yake.

Mahagi, mama alitupokea uani. Kuku alikuwa ameshachinjwa siku nyingi zilizopita na kuliwa. Alimshika kaka yake mkono hadi kwenye kiti, kisha akanigeukia.

"Ulisema miguu mbili."

Nilimweleza kila kitu, na begi pia.

"Kitabu nzima uliandika juu ya makaya," alisema, akiitaja tumbaku kwa jina la nyumbani, "na ulikuwa unayabeba."

Noko hajavuta tangu siku alipokatwa mguu, na mguu wa kulia bado una joto. Kila Jumapili mama huugusa mwenyewe, haniachii mimi.

Msomaji, nyumbani mwako akiwapo mtu aliyeambiwa na daktari aache sigara, ninakuomba jambo moja. Usianze kwa kumpekua yeye. Fungua begi lako, utoe zilizomo, hata zile ulizoziweka kwa ajili ya bariere.