Gundi ya Muhogo

Mke wangu alivunjika nyonga kwa kukalia kiti nilichokitengeneza mimi. Kwa miezi kadhaa nilimwacha aamini kwamba kosa lilikuwa lake.

Siku ya kurudi kuonyesha mfupa, nilimwacha kwenye foleni ya hospitali ya Ruharo, pamoja na jirani yetu, mama mnene mwenye maneno mengi, nikaenda mjini Mbarara kutafuta gundi. Sikuwa na hamu ya kutengeneza kiti. Tangu alipoanguka sikuwa na hamu ya chochote. Nilikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yangu. Lakini alikatazwa kukaa chini kwenye mkeka, na kitanda kilikuwa kimemchosha.

Mwenye duka, mtu wa rika langu mwenye kofia ya Kiislamu, aliniwekea makopo matatu mezani.

"Ya kufanya nini, muzee?"

"Kiti."

"Itakaa inje ama ndani?"

Katika miaka yote ya useremala wangu wa uani sikuwahi kujiuliza hilo.

"Ndani," nikasema. "Lakini bati langu linavuja."

"Eh! Basi hiyo ni inje yenye mlango."

Wateja wakacheka. Aliondoa gundi nyeupe, ambayo hulainika ikipata maji, akaondoa na ile ya njano ya kubandikia soli za viatu. Akanisogezea ya tatu, isiyoogopa maji.

"Na usiongeze maji. Nyinyi watu ya kambi munapenda kuongeza maji."

"Sijawahi kuongeza maji," nikamjibu. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeongeza muhogo.

Nilijifunza hilo nikiwa sekondari, kwetu Rumonge, kabla ya kukimbia nchi, ambako tulibandika majalada ya daftari kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ukishakauka, hubandui karatasi bila kuichana. Huku Nakivale, kambini kwa wakimbizi, gundi nyeupe tunapimiwa katika vifuko vidogo. Yangu ilipopungua nilichota unga kwenye debe la mke wangu, nikapika uji, nikachanganya nusu kwa nusu. Rangi ilikuwa moja. Kiti kilisimama kiangazi kizima, nikajisifu. Mvua zilipokuja, unyevu uliingia kwenye maungio, na mende wakaufuata muhogo. Siku moja alikikalia achambue maharagwe, mguu wa nyuma ukachomoka. Nilipookota vipande nilisikia harufu ya uji uliochacha. Nikavitia motoni kabla hajarudi kutoka hospitali. Aliporudi nikamwambia kwamba aliegemea mno.

Kiti kipya nilikitengeneza uani, yeye akinitazama kutoka kitandani kupitia mlango uliokuwa wazi. Mbao za mkaratusi nilikuwa nimeziacha zikauke vizuri. Nilisugua ndimi za mbao na matundu zinamoingia kwa msasa, nikapangusa vumbi, nikapaka gundi pande zote mbili, juu ya ulimi na ndani ya tundu, tabaka jembamba. Nikagonga taratibu. Gundi iliyotokeza ukingoni nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, kisha nikazungushia vipande vya mpira wa baiskeli na kuvivuta mpaka mbao zikalia.

"Mzee," akaita. "Leo unga yangu umeiacha?"

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye mpira.

"Ulijua?"

"Debe ni langu. Pua nayo ni yangu. Nililala pale chini karibu na ule mguu, mzee."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja."

Nilifunga fundo. Nikamweleza yote, uji na mende na vipande nilivyochoma, kwa sauti ile ile ninayoombea chumvi. Hakulia. Mimi pia sikulia. Akageukia ukutani.

Mwenye duka alisema siku moja inatosha kukauka. Nilikiacha siku mbili. Jirani yetu alikikalia kwanza, akarukaruka.

"Kikinibeba mimi, hata ng'ombe mulete!"

Mke wangu alikuja na fimbo yake, akausukuma mgongo wa kiti kwa kiganja. Hakukaa.

"Kiweke pale, fasi panapovuja," akasema.

"Kitaharibika."

"Basi tutajua."

Kilikaa pale msimu mzima wa mvua. Matone yaliangukia kiungo cha nyuma, pale pale alipotaka. Kila asubuhi niliushika ule mguu nikautikisa, naye alinitazama bila kuuliza. Maharagwe alichambulia kitandani. Ngazi ilikuwepo na lami ya kuzibia bati ilikuwepo, lakini sikupanda.

Mvua zilipokatika, siku moja nilikwenda bombani kuchota maji. Niliporudi, kiti kilikuwa mlangoni. Alikuwa amekivuta mwenyewe na kukikalia, fimbo imelala sakafuni, ungo wa maharagwe mapajani. Nilitua dumu. Nilingoja nisikie furaha, haikuja. Nilisimama tu nikiutazama ule mguu wa nyuma.

"Unaniziba mwanga, mzee," akasema.

Nikasogea.